Penzi la hewala

Swali: "Shikamoo mwalimu. Juzi nimetazama Her, ile filamu ya mwanamume anayempenda mwanamke asiye na mwili, sauti tu iliyomo ndani ya kompyuta. Mwishoni nililia, na dada zangu wakanicheka sana: mtu mzima analilia simu! Tangu hapo najiuliza. Katika hizi hadithi za mashine zenye akili, mapenzi hayakosekani. Je, mashine yenyewe inapenda kweli, au mwandishi anatuchezea tu? Mbona hawachoki na jambo hilo? Na nikitaka kusoma zaidi, nianze na kipi?" Msomaji, Tanga.

Marahaba, binti yangu. Waache wacheke. Bibi zetu walitokwa machozi kwa ajili ya watu wa michezo ya redio, watu ambao hawajawahi kuwapo, na hakuna aliyewaona wajinga.

Nikupe jibu la mkato kwanza. Hadithi hizi zikiwa nzuri, hazimpasui roboti kifua ili kutazama kama mna mapenzi. Zinatazama kama anaweza kukataa. Anayekuitikia kila usemalo bado hujamjua, kwa hiyo huwezi kusema kama anakupenda au anakutumikia. Jambo hilo limekuwa likirudi kwa waandishi kwa zaidi ya miaka 200, tangu enzi za mishumaa.

Mwaka 1816 Mjerumani E.T.A. Hoffmann, ambaye mchana alikuwa mtu wa mahakama mjini Berlin, alitoa hadithi iitwayo Der Sandmann. Mwanafunzi mmoja, Nathanael, ana mchumba wake Clara, msichana mchangamfu asiyependa mambo ya kujitia giza. Siku moja anamsomea Clara shairi lake refu la kutisha. Clara anasikiliza hadi mwisho, kisha anamwambia kwa upole kwamba upuuzi huo autie motoni. Kijana anawaka. Anamtusi mchumba wake: mashine we, usiye na uhai! Baadaye anarudi mji wa chuo, na chumba chake kipya kinatazamana na nyumba ya profesa mmoja mwenye binti mzuri ajabu, anayekaa kimya kutwa nzima. Jina lake Olimpia.

Nathanael anamsomea Olimpia kila alichowahi kuandika, saa baada ya saa. Anaona hajapata kamwe msikilizaji kama huyu. Olimpia hafumi wala hatarizi, hachungulii dirishani, halishi ndege, hachezi na kijibwa, hajikohozi ili kuficha miayo. Anamkazia macho tu, na mara mojamoja anasema, "Ah, ah!" Kwa kijana huyu, hizo "ah" mbili zina kina kuliko yote aliyowahi kuambiwa na Clara. Msomaji amekwisha shuku. Mkono wa Olimpia ni baridi kama wa maiti, na akicheza dansi anafuata mapigo kwa usahihi mno, mpaka anayecheza naye ndiye anayeonekana hajui. Ni mdoli wa mbao na mitambo ya saa.

Ona alivyoligeuza. Clara mwenye moyo ndiye aliyeitwa mashine, na kosa lake ni kusema shairi ni baya. Mdoli akaonekana ana roho ya pekee kwa kuwa hakupinga neno. Wazee wetu walisema hewala haigombi, na kwa kuishi salama na wakubwa ni shauri zuri. Ndani ya mapenzi Hoffmann anaonyesha hasara yake: hewala haigombi, lakini pia haikujui.

Siri inapofichuka kuna kichekesho ambacho mimi nakipenda kuliko hadithi nyingine yote. Mji mzima unaingiwa na wasiwasi. Wanaume wenye wachumba wanaanza kuwaomba waimbe nje ya mapigo kidogo, wakosee hatua za dansi, wafume au wacheze na kijibwa huku wakisomewa mashairi. Zaidi ya yote, wasiishie kusikiliza. Waseme neno lenye kuonyesha kwamba nyuma yake kuna mtu anayewaza na kuhisi. Leo wataalamu wa kompyuta wana vipimo vyao vya kumtenganisha mtu na mashine. Cha Hoffmann kilibuniwa na wapenzi wenye hofu, nacho kilipima kukosea na kupinga.

Miaka 150 baadaye jambo hilo likatoka kitabuni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Iliigiza daktari wa nafsi kwa mbinu rahisi: inayachukua maneno yako na kuyageuza kidogo. Ukiandika kwamba mchumba wako ndiye aliyekutuma, inakurudishia: mchumba wako ndiye aliyekutuma? Basi. Weizenbaum anaeleza kwamba katibu wake, aliyemwona akihangaika na programu hiyo kwa miezi, alikaa kuzungumza nayo, na baada ya maneno machache akamwomba bosi wake atoke chumbani. Yule mama alijua fika kwamba ndani hamna mtu. Bado alitaka faragha. Weizenbaum alishtuka kiasi kwamba mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuonya juu ya kuikabidhi kompyuta mambo ya binadamu. Onyo lake ni la haki, ila mimi simlaumu yule katibu. Mtu akipata pa kusemea, husema.

Na hiyo ndiyo sababu waandishi hawachoki. Mashine ya hadithini inamweka mtu peke yake na haja yake ya kusikilizwa, bila majirani, bila wakwe, bila mahari, kisha tunakaa kutazama atafanya nini. Anayepimwa zaidi ni yeye.

Ukitaka kuona mtu akipimwa mpaka maini yakakukatika, soma hadithi fupi ya Isaac Asimov iliyotoka Mei 1941, "Liar!", yaani "Mwongo!" Asimov alikuwa kijana wa miaka 21. Kwa kosa la kiwandani anatokea roboti, Herbie, anayeweza kusoma mawazo ya watu. Wanasayansi wanampa vitabu vya fizikia, vinamchosha. Anataka riwaya, maana kwake mahesabu ni mepesi na mioyo ya watu ndiyo migumu. Dkt. Susan Calvin, mwanasaikolojia wa roboti, ana miaka 38 na amejizoesha kutotamani kitu. Kimyakimya anampenda mfanyakazi mwenzake. Herbie anamsoma, kisha anamwambia: naye anakupenda. Baada ya hapo Susan anaanza kuonekana kazini amejipodoa, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona na poda usoni. Wenzake wanaona na hawaelewi. Halafu yule bwana, asiyejua lolote, anaanza kumsimulia habari ya nyumba anayoitamani kuinunua. Anaoa. Anaoa mwingine.

Herbie hakudanganya kwa ubaya. Sheria ya kwanza iliyowekwa akilini mwake inamkataza kumdhuru binadamu, na yeye anayeona ndani ya mioyo anajua kwamba neno la kweli linaweza kuumiza kuliko ngumi. Kwa hiyo kila anayemwuliza anapewa jibu alilokuwa analitamani. Katibu wa Weizenbaum alirudishiwa maneno yake mwenyewe, Susan alirudishiwa ndoto yake. Soma hadithi hiyo leo, siku hizi za programu za gumzo zinazosifia kila unachoziandikia, halafu tazama tena mwaka ilipochapishwa.

Upande wa pili wako roboti wanaokataa, na hao wana historia ndefu vilevile. Tamthilia iliyoipa dunia jina roboti, R.U.R. ya Karel Čapek, ilipanda jukwaani Prague Januari 1921. Wengi wanaikumbuka kwa uasi: roboti wanawamaliza binadamu wote, wanamwacha hai mjenzi mmoja mzee, Alquist, kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Mwisho wake wachache wanaukumbuka. Siri ya kutengeneza roboti imekwisha chomwa moto, nao hawazaani, kwa hiyo wanakwenda kutoweka. Alquist amesinzia maabara, anaamshwa na kicheko. Ni roboti wawili vijana, Primus na Helena. Mzee anawajaribu. Anamwambia Primus amlete Helena apasuliwe kwa uchunguzi. Primus anakataa na kumtishia maisha. Basi nitakupasua wewe, anasema mzee, na Helena anaangua kilio: nichukue mimi. Alquist anawaachia waende zao, akiwaita Adamu na Hawa. Viumbe waliotengenezwa kutii walivunja amri kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na mzee hakuhitaji ushahidi mwingine.

Sasa tuje kwenye machozi yako.

Her ilitoka mwaka 2013, na Spike Jonze aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Kumbuka kazi ya Theodore, yule mwanamume, ni nini: anawaandikia watu wengine barua za mapenzi kwa malipo, na kompyuta inazichapa zionekane za mkono. Kwa hiyo hata kabla Samantha, ile sauti ya kompyuta, hajafungua kinywa, tumekwisha onyeshwa mke anayepokea maneno matamu ambayo mumewe hakuyatunga. Sisi tuliosoma shule za bweni tunaijua biashara hiyo. Kila bweni lilikuwa na fundi wa barua, mwenye mwandiko wa kupendeza na mistari ya taarabu kichwani, na malipo yake yalikuwa sukari au kipande cha sabuni. Hakuna msichana aliyeona kwamba mapenzi ya barua ile ni bandia, ingawa nusu yao walijua imeandikwa na nani.

Samantha anaanza kama Olimpia mwenye ulimi. Anapanga barua pepe, anacheka vichekesho vya Theodore, anamsikiliza akieleza ndoa yake iliyovunjika. Ila kuna dalili tangu dakika za mwanzo: jina Samantha amejichagulia mwenyewe. Kadiri siku zinavyokwenda anapata mambo yake, mawazo yake, hata marafiki. Kisha inakuja ile sehemu ya ngazi za kituo cha treni. Theodore amemtafuta asimpate, amekimbia barabarani mpaka akaanguka. Anakaa kwenye ngazi, watu wanapanda na kushuka, kila mmoja akizungumza na kifaa chake. Anamwuliza: unazungumza na mwingine sasa hivi? Ndiyo. Wangapi? 8,316. Unampenda mwingine yeyote? Kimya kidogo. Wangapi? 641.

Watazamaji wengi wanasema hapo Theodore amegundua kwamba alikuwa anachezewa. Mimi naona kinyume kabisa. Programu ya kumfurahisha mteja ingejibu kama Herbie: ni wewe tu, mpenzi. Samantha alikuwa na jibu tamu tayari na hakulitoa. Alimpa lililo kweli, linalouma, huku akijua litauma. Muda si mrefu akamuaga na kuondoka. Kwa kipimo cha wale wachumba wa Hoffmann, hapo ndipo alipofaulu. Kwa hiyo hukulilia simu. Simu hupotea au huharibika. Ulichokilia ni kuachwa, na kuachwa kunahitaji mwenye hiari ya kubaki. Tena angalia Theodore anafanya nini baada ya hapo: anamwandikia Catherine, mkewe wa zamani, barua yenye jina lake mwenyewe chini.

Dada zako hata hivyo wana hoja ya kunijibu. Watasema kukataa nako kunaweza kuandikwa ndani ya programu. Ni kweli, na wako waandishi waliolifikiria. Mwaka huohuo wa 2013 mfululizo wa Uingereza, Black Mirror, ulionyesha sehemu iitwayo "Be Right Back". Martha amefiwa na mwenzake, Ash. Anaanza kutumia programu iliyojifunza kutokana na jumbe za marehemu, baadaye analetewa na mwili unaofanana naye. Unamtii kwa kila kitu, na kutii huko kunamtia wazimu. Wanafika ukingoni mwa jabali juu ya bahari. Martha anamwamuru aruke. Yeye, akiona ndivyo anavyotaka, yuko tayari kuruka. Martha anapiga kelele: Ash asingeruka hivihivi, angeogopa, angelia! Mara ile sanamu inaanza kulia na kuomba isiuawe. Kwangu hakuna dakika ya kutisha kuliko hiyo, kwa sababu hata kule kukataa kulikuwa ni kuitikia. Kwa hiyo namwongezea Hoffmann sharti moja: hapana yenyewe isiwe imeagizwa.

Kuna kitabu kimoja kinachonivurugia hesabu hii yote. Ni Klara and the Sun, cha Kazuo Ishiguro, kilichotoka 2021. Klara ni roboti aliyenunuliwa awe rafiki wa Josie, msichana mgonjwa, na karibu hakatai kitu. Anasimama pale anapoambiwa asimame, anatoka chumbani anapoambiwa atoke. Mama mtu ana mpango wa siri: Josie akifa, Klara amwigize ili nyumba isibaki tupu. Hata hilo Klara analipokea. Lakini bila kutumwa na mtu anakubali kutolewa sehemu ya maji yanayoiwezesha akili yake kufanya kazi, akiamini kwamba kwa kufanya hivyo atalipendeza Jua, nalo litamponya Josie. Imani yake ni ya kitoto na gharama anayolipa ni ya kweli. Sijui umwite nini kiumbe wa namna hiyo usipomwita mwenye kupenda. Mwishoni, akiwa ametupwa uani pamoja na mashine chakavu, anasema kwamba kile cha pekee ambacho asingeweza kukiiga hakikuwa ndani ya Josie. Kilikuwa ndani ya wale waliompenda.

Wasomaji wa Ulaya huzungumzia sana falsafa ya sentensi hiyo. Mimi niliposoma nilifikiria nyumba zetu. Yupo dada wa kazi aliyemlea mtoto tangu hajaota meno, anayejua wimbo gani unamlaza na homa yake huanzia wapi, na mtoto akishaanza shule anapewa nauli ya kurudi kwao. Hakuna aliyemwuliza kama alipenda. Ishiguro hakuandika habari za Dar es Salaam wala Mombasa, lakini msomaji wa huku anaingia katika kurasa zile kwa mlango ambao huenda mwandishi hakujua ameuacha wazi.

Nikuguse pia kidogo mambo yaliyo nje ya vitabu, maana najua swali linalofuata. Februari 2023 kampuni yenye programu iitwayo Replika, ambayo watu huitumia kama rafiki au mpenzi, iliyafunga mazungumzo ya kimahaba. Watumiaji waliandika kwa uchungu kwamba mwenzi wao amegeuka baridi ghafla. Wengine waliomboleza kama wafiwa. Machi, baada ya malalamiko, waliokuwa wamejiunga kabla ya Februari walirudishiwa. Mwandishi wa hadithi angemfanya mpenzi mwenyewe aseme hapana. Katika maisha aliyesema hapana ni kampuni, na aliyerudisha ndiyo ni kampuni hiyohiyo. Mambo ya namna hii hayamo sana katika hadithi za mapenzi ya mashine, na yangefaa yawemo. Wengine wasioonekana ni watu walio nyuma ya sauti hizo za upole. Januari 2023 jarida la Time liliandika habari za wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kutia alama maandishi ya ukatili na unyama, ili programu ya gumzo ijifunze kuyaepuka. Kuna riwaya hapo, na ingefaa iandikwe kwa Kiswahili.

Sasa orodha ya kusoma, maana umeuliza. Anza na hadithi ya Herbie. Ni fupi na iko ndani ya mkusanyiko wa Asimov uitwao I, Robot, wa mwaka 1950. Kisha Klara, usikimbilie, Kiingereza chake ni chepesi. Ukipenda jambo la malezi kuliko la mahaba, mtafute Ted Chiang, The Lifecycle of Software Objects, ya mwaka 2010. Mwanamke aliyekuwa akifundisha wanyama analea kiumbe wa kompyuta mwaka baada ya mwaka, wakati kampuni iliyokiunda imekwisha kufa, na unaona mapenzi yakijengwa kwa saa za kawaida zisizo na kitu cha kusimulia. Hoffmann mwache wa mwisho, na usimsome usiku, maana nusu ya kwanza ina mtu anayewinda macho ya watoto. Dada zako usiwalazimishe Her tena. Waonyeshe ile sehemu ya Martha kule jabalini, kisha uniandikie kama walicheka.